Ile ya Newala na Ile ya Masasi

Nimeshika chuma karibu maisha yangu yote. Nilianza kazi ya kukereza vyuma katika karakana ya Ndanda ndevu zikiwa hazijaota vizuri, nikastaafu zikiwa nyeupe, na katikati hapo nimetengeneza bushi za pampu, ekseli za matrekta, bawaba za milango na mara moja ulimi wa kengele ya kanisa. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba nitachagua moja kati ya bastola mbili, nilijiona nimepata kazi nyepesi. Chuma utakiangalia, utakipima, utakisikiliza kinavyolia, na utajua kama kimetengenezwa na mtu makini au na mtu aliyekuwa anawahi chakula cha mchana. Kumbe kabla hata sijaziona hizo bastola nilikuwa nimeshaharibu jambo ambalo halina spea.

Niseme kwanza nilivyofika hapo. Mimi ni Mmakua wa Masasi, kule chini. Mke wangu alikuwa Mmakonde wa kijiji kimoja nje kidogo ya Newala, huku juu ya uwanda, na tulipooana nilifanya wanavyofanya wanaume wengi wa kwetu: nilihamia kwao. Siku za kazi nililala Ndanda, mwisho wa wiki nilipanda kwenda nyumbani. Nyumba niliijenga mimi, tofali kwa tofali, lakini ardhi ni ya ukoo wake. Mikorosho ni ya ukoo wake. Hata watoto, kwa desturi ya huku, ni wa ukoo wake, na mkubwa wao hasa ni mjomba wao, mdogo wake mke wangu. Huyo ndiye nitakayemwita shemeji humu ndani, kwa sababu ndivyo nilivyomwita miaka yote.

Mke wangu alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao, na mimi nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye begi. Mgane kwenye ardhi ya mke asiyekuwepo hana cha kung'ang'ania. Nikasubiri kuambiwa kwa heshima kwamba nirudi kwetu. Shemeji akanitazama, akatazama begi, akasema, "Sasa shemeji ukiondoka wewe, nani atatukemea?" Watu wakacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka, na nguo zikarudi kabatini. Tangu siku hiyo alikuja kwangu kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Anakunywa chai, anakula muhogo wa kuchemsha, ananiuliza leo nimetega panya wangapi, maana Wamakua tunataniwa kwa panya. Nilimjibu kwamba nimebakisha mmoja kwa ajili yake, kwa kuwa wote tunajua nani hasa kati yetu alikuwa mpenzi wa kitoweo hicho.

Halafu nikaibiwa. Ilikuwa mchana kweupe. Nilikwenda mashine ya kusaga, niliporudi nikakuta kufuli limekatwa. Walichukua redio, betri ya sola na cherehani ya mke wangu. Redio niliisamehe siku ileile. Cherehani sijaisamehe hadi leo. Ilikuwa na uzi mwekundu bado, aliouweka yeye mwenyewe, na sikuwahi kuutoa.

Binti yangu aliyeko Mtwara alinipigia simu akisema, "Baba, njoo ukae na sisi." Nikamwambia siwezi kumwacha mama yake peke yake. Nami nikaamua, kwa hasira zaidi kuliko akili, kwamba nitaomba kibali cha kumiliki silaha.

Fomu ina nafasi ya kueleza sababu, mistari michache tu. Mimi nimezoea fomu za karakana. Ukitaka mashine mpya, ile ya zamani lazima uieleze kama maiti, la sivyo hupewi kitu. Nikachukua kalamu nikaandika kwa herufi kubwa, mwandiko wangu wa kwenye michoro: MIMI NI MZEE, MGANE, NAISHI PEKE YANGU. SINA NDUGU HAPA WA KUNISAIDIA. Nikaisoma mara mbili, nikaona imekaza vizuri kama nati.

Nilichosahau ni kwamba fomu ya silaha haiendi moja kwa moja polisi. Inaanzia kijijini, na kijijini haisomwi kwa macho, inasomwa kwa sauti. Halmashauri ya kijiji ilikaa ofisini, wajumbe wakiwa karibu ishirini, na nusu yao ni ukoo wa mke wangu. Shemeji alikuwa mjumbe. Mimi nilikaa benchi la mbele. Mtendaji wa kijiji, msichana mwenye sauti nzuri, akasimama na fomu yangu akaisoma kama anasoma taarifa ya habari. Alipofika kwenye "sina ndugu hapa," nilisikia mtu nyuma yangu akiacha kutafuna.

Kwa asiyejua desturi za huku, labda ni maneno ya kawaida. Lakini mwanamume aliyeoa akakaa kwao mke hasemi hana ndugu. Ndugu zake ni hao hao. Wamempa ardhi, wamelima naye, wamemzikia mke, wamemwambia abaki. Kuwaandikia serikalini kwamba hawapo ni sawa na kuwafuta mmoja mmoja, na mimi niliwafuta kwa herufi kubwa.

Shemeji akasimama, akavua kofia. "Nnaunga mkono," akasema. "Mzee mwenyewe ameandika hana ndugu hapa. Mtu asiye na ndugu akipata shida atakimbilia wapi? Apewe."

Mzee. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Mikono yote ikanyooshwa. Sijawahi kuona kikao kinapitisha jambo haraka namna ile. Nje nilimfuata nikamwambia, "Shemeji, yale ni maneno ya fomu tu."

"Ndiyo, mzee. Fomu ni fomu."

"Nilitaka iwe na nguvu."

"Ina nguvu. Si imepita?" Akavaa kofia yake akaenda zake, wala hakutembea kwa hasira. Alitembea kama mtu aliyemaliza shughuli.

Watu hawakuninunia. Wangeninunia ningejua la kufanya, maana mimi mwenyewe ni bingwa wa kununa na najua dawa yake. Walinifanyia jambo baya zaidi, walianza kuniheshimu. Nyuma ya nyumba nina kisima cha saruji kinachovuna maji ya mvua kutoka kwenye bati. Huku juu maji ni ya shida, na kisima cha mtu mmoja ni cha nyumba kumi. Wanawake wa ukoo walizoea kuja na ndoo zao, wanafunua mfuniko wenyewe, wanachota huku wakipiga soga, na wakinikuta nimejinyoosha kibarazani wananiambia niondoe miguu njiani. Baada ya kikao kile wakaanza kusimama mbele ya nyumba. "Shikamoo. Tunaomba maji."

Mara ya kwanza nilicheka, nikidhani ni utani. Hakuna aliyecheka nami. Nikasema, "Marahaba, chukueni tu." Wakachota kimya, wakafunika vizuri, wakapita tena mbele ili waseme asante. Asante, kwa maji waliyokuwa wakiyachota tangu saruji ya kisima ilipokauka!

Wakati wa palizi walikuja shambani kwangu kama kila mwaka, watu kumi wa ukoo na majembe yao. Nilikuwa nimeamka mapema nikapika mbaazi sufuria zima na ugali wa muhogo. Walipalilia sehemu yao yote, safi, hawakuacha hata jani. Kisha wakapangusa majembe wakasema wana haraka. Zile mbaazi nilizila peke yangu siku tatu, asubuhi na jioni, na siku ya tatu nikala nikilia, si kwa sababu ya mbaazi.

Shemeji hakuja tena asubuhi. Wiki mbili nilipika chai ya watu wawili, kisha nikaacha.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda kuomba radhi. Ningeweza. Ni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Lakini nilijiambia nilichoandika ni kweli, kwamba siku ya wizi hapakuwa na ndugu yeyote wa kuzuia. Walikuwa mashambani kwao, kama mimi nilivyokuwa kwenye mashine ya kusaga, ila mtu mwenye kiburi hapendi kukumbushwa vitu kama hivyo. Nikabaki na kiburi changu, na ndani ya nyumba hakukuwa na mtu wa kunitania nacho.

Karatasi zilipanda ngazi zake, kijiji, kata, wilaya na kwingineko, miezi ikapita. Siku moja nikaitwa polisi Newala. Nilipokewa na afande mmoja wa kike, umri wa binti yangu, anayeshughulikia mambo ya silaha. Akanipa shikamoo, akanipa kiti, akaniambia kibali kimekubaliwa. Akasema kuna watu wawili wanaotaka kuachia silaha zao kwa mtu mwingine mwenye kibali. Moja iko hapa Newala, nyingine iko Masasi. "Zote ni bastola kubwa, mzee, si zile ndogo za kutia mfukoni. Uzione zote mbili, uchague inayokukaa mkononi. Moja tu."

Ile ya Newala aliitoa hapo hapo. Alichomoa magazini, akavuta nyuma sehemu ya juu, akanionyesha kwamba chumba cha risasi ni kitupu, akanitaka nitazame mwenyewe na nitie kidole, ndipo akanikabidhi. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa korosho aliyekuwa anahama mkoa. Mwili wake ni wa plastiki ngumu nyeusi, juu ndiyo chuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, mkono wangu ukapanda juu wenyewe. Inabeba risasi kumi na saba, na ukishapiga moja inajipakia nyingine yenyewe, wewe kazi yako ni kidole tu. Nikaivuta sehemu ya juu, ikarudi laini kama droo mpya. Nikageuza huku na huku natafuta sefti ya kuizuia isipige.

"Hii haina ya kubonyeza, mzee," afande akasema. "Usalama wake uko ndani ya kifyatulio chenyewe. Hakuna cha kukumbuka. Ukivuta, inapiga. Ndiyo maana watu wanaipenda."

Nikaitafutia kasoro kwa nusu saa. Sikuipata. Vile vinundu vya kwenye mpini, vya kuzuia mkono usiteleze, vilikuwa bado vikali. Mwenyewe aliibeba tu kiunoni, hakuwahi kuishika hasa. Nilimrudishia afande nikamwambia ni kitu kizuri, na nilikuwa nasema kweli. Nikaenda nyumbani bila furaha yoyote. Njiani nilijikuta naihadithia kichwani, jinsi ilivyo nyepesi, jinsi inavyovutika, na aliyekuwa ananisikiliza ni shemeji.

Wiki iliyofuata nikashuka Masasi. Nimezaliwa pale, nimekulia chini ya majabali yale, lakini dada zangu wawili wamekwisha fariki na vijana wao wananijua kwa picha. Nilipita mtaani kwetu nikasalimiwa kama mgeni anayeuliza njia. Nikaenda polisi.

Ile ya Masasi ilikuwa ya mtu aliyefariki, na mjane wake ndiye aliyetakiwa kutia saini. Nilimkuta benchini, mama wa makamo kutoka mtaa wa Mkomaindo, kanga mbili zimefungwa vizuri. Afande wa pale akaiweka mezani baada ya kuikagua. Lo! Hiyo ilikuwa chuma kitupu, juu na chini, na ilipotua mezani ilitua kwa sauti ninayoijua. Nzito kama nyundo ya fundi mawe. Nyuma ina kinyundo kinachoonekana, ubavuni ina kijiti cha sefti ambacho lazima ukishushe kwa kidole gumba kabla haijakubali kupiga. Risasi kumi na tano. Rangi yake nyeusi imesuguliwa hadi kwenye kingo imekuwa nyeupe. Nikaomba waifungue. Ndani kila uso wa chuma umenyooka na kung'aa, na mtu aliyeikereza hakuwa anawahi popote. Ningeweza kukaa nayo hadi jioni.

Shida ilikuwa mimi. Mpini wake ni mnene, kiganja changu kinaishia njiani. Sehemu ya juu inavutika kwa nguvu za kijana. Na gumba langu la kulia halikunjiki sawasawa tangu mashine ilipolivuta nikiwa na miaka thelathini. Nilijaribu kushusha ile sefti mara ya kwanza, ikagoma. Mara ya pili ikashuka nusu. Mara ya tatu nikaisukuma kwa upande wa gumba, ikalia tak. Afande alikuwa mpole, alitazama dirishani.

Tukakaa benchini na yule mama tukisubiri karatasi. Akaniuliza, "Umeipenda, kaka yangu?"

"Ni kazi nzuri sana."

"Mimi sikuwahi kuijua. Alipougua ghafla akafariki hospitali hapo hapo, hakuna aliyejua anaiweka wapi. Polisi wanaitaka, mimi sina. Wanangu wamepindua nyumba. Nimeipata siku napima mbaazi za wageni wa arobaini. Ilikuwa chini ya pipa, imefungwa kwenye fulana." Akacheka kidogo. "Miaka yote ile nachota mbaazi, nachota mbaazi, na chini kuna bastola. Nikaiweka kwenye ungo, nikaifunika kanga, nikaja nayo kwa miguu hadi hapa. Watu njiani wananisalimu wananiuliza nauza nini."

Nilicheka kwa sauti. Sikuwa nimecheka siku nyingi, hata koo liliniuma. Kisha akaniuliza, "Na wewe kwako nani atajua umeiweka wapi?"

Nikamwambia, "Hakuna."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, akajifunga kanga upya.

Nyumbani nilichukua kipande cha ubao na chaki, nikagawa katikati kama tulivyokuwa tunafanya karakana. Upande wa Newala nikaandika: nyepesi, kumi na saba, laini, haraka. Upande wa Masasi: nzito, kumi na tano, ngumu, gumba. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua ipi ya kuchukua. Niliamua ile ya Newala. Nikafuta ubao, nikala, nikajilaza kibarazani. Jua lilikuwa bado kali.

Nilishtushwa na sauti nyuma ya nyumba. Mfuniko wa kisima ulikuwa unasogezwa. Hapakuwa na shikamoo, hapakuwa na tunaomba maji. Mwili wangu ulisimama kabla yangu. Nilichukua panga lililokuwa mlangoni, nikazunguka ukuta mbiombio, nimeliinua juu, natukana. Nikamkuta mke wa shemeji. Alikuwa ameinama, ndoo mkononi, mfuniko ameuegesha ukutani kama alivyokuwa akifanya zamani. Pembeni, juu ya jiwe, alikuwa ameweka sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, imefunikwa na sahani nyingine.

Nililishusha panga. Yeye aliitazama mikono yangu, si uso. Akasema polepole, "Samahani, mzee. Nilipaswa kuomba."

Nikasema, "Hapana, hapana, chota, chota." Lakini alikuwa ameshafunika. Aliondoka na ndoo tupu. Ming'oko aliiacha, kwa sababu chakula ukishakileta kwa mtu hukirudishi, na nilikaa kwenye lile jiwe na sahani mapajani hadi ming'oko ikapoa. Alikuja kama ndugu. Baada ya miezi yote ile kuna mtu mmoja aliyekubali kuja bila hodi, na mimi nikamtokea na panga.

Kesho yake nilirudi kwa afande wa Newala nikamwambia nachukua ile ya Masasi. Akashangaa. Akaniuliza kama gumba langu litaiweza. Nikamwambia, "Ndiyo maana naitaka. Itanipa muda wa kuuliza nani." Sikumweleza zaidi. Bado sijui kama alielewa, lakini aliandika, akasema ataagiza iletwe kutoka Masasi.

Kisha akageuza ukurasa. "Mzee, nahitaji na jina la mtu wa karibu na wewe. Ajue unapoiweka, na ukiugua au ukifariki ailete hapa kituoni." Nikamtaja binti yangu. Akatikisa kichwa, akasema Mtwara ni mbali, anataka mtu wa hapo hapo kijijini. "Ndugu yako yeyote," akasema.

Sikwenda siku ile, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu nilikwenda nyumba ya tatu. Shemeji alikuwa amekaa uani, anahangaika na bomba lake la kupulizia dawa mikorosho. Nimelitengeneza bomba lile mara nyingi, nalijua kuliko ninavyojua kinywa changu. Alikuwa anatumia spana isiyo yake na anaharibu nati. Mikono iliniwasha. Zamani angenitupia tu na kusema nikalale nalo. Sasa alilisogeza pembeni, akasimama, akanipa shikamoo kamili na kiti.

Nilimweleza habari ya bastola na jina linalotakiwa. Halafu nikasema nililopaswa kusema tangu siku ya kikao. "Shemeji, nimewakosea. Niliandika ujinga. Na juzi nimemkosea mkeo. Nisameheni."

"Hujatukosea, mzee," akasema. Alisema vizuri kabisa, bila ukali. "Ulieleza hali yako. Polisi unataka twende lini?"

"Kesho, kama una nafasi."

"Nitakuja."

Na alikuja, amevaa shati lake la vikao. Mbele ya afande aliuliza maswali yote ambayo mtu makini angeuliza. Alitaka kujua nitaiweka wapi, nikamwambia, juu ya kabati la chumbani, kwenye sanduku la chuma nililolichomelea mwenyewe, ufunguo nyuma ya picha ya harusi. Alitaka kujua aibebe vipi akiikuta, asiguse wapi, amwone nani hapa kituoni. Afande alimfundisha kuikagua na kuitoa magazini. Gumba lake liliishusha ile sefti mara ya kwanza tu. Nilimwonea fahari kama mjinga.

Kisha akavaa miwani, akavuta fomu, akaanza kuandika. Jina. Kijiji. Kazi. Chini yake palikuwa na nafasi ya uhusiano na mmiliki. Hapo alisimama kidogo, kalamu hewani. Akaandika: jirani.

Afande akaipokea, akaisoma, akaniangalia mimi. "Huyu ni jirani yako, mzee?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema huyu ni mjomba wa wanangu, huyu ndiye aliyenizuia nisiondoke, amekaa kwenye kiti changu asubuhi zisizo na idadi. Lakini yeye alikuwa ananitazama kwa utulivu, kuona nitasema nini mbele ya serikali mara hii, na mimi sikuona kwa haki gani nimkatalie neno alilochagua, wakati yeye hakunikatalia langu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni jirani."

Nje nilimwambia tupande pikipiki moja, tunakwenda mahali pamoja. Akasema nina mzigo, nisibanwe. Akaita ya kwake. Pikipiki yangu ilikuwa nyuma ya yake njia nzima, nikiona mgongo wa shati lile jeupe, hadi alipokata kuingia kwake bila kugeuka, nami nikaendelea hadi kwangu.

Niliingia chumbani nikaifunga bastola ndani ya sanduku, nikaliweka sanduku juu ya kabati, ufunguo nikautia nyuma ya picha. Niliviweka sawasawa na nilivyomwambia, nisije nikamsumbua kutafuta. Shemeji ni mtu wa ahadi. Siku yangu ikifika atakuja, na ndiyo siku pekee ninayojua kwa hakika kwamba atakuja.